Homa Inayojifanya Kifua Kikuu

Mtu anayeishi na VVU ana homa ya majuma kadhaa, anakonda, anakohoa, na damu imepungua. Picha ya kifua inaonesha vidoadoa katika mapafu yote mawili. Makohozi yake hayakuonesha kifua kikuu, lakini ameanzishiwa dawa zake. Mwezi unakwisha, wala hapati nafuu. Hapo histoplasmosisi haina budi kufikiriwa.

Ugonjwa huu uligunduliwa katika utata huohuo. Mwaka 1905, huko Panama, Dkt. Samuel Darling aliichunguza maiti ya mfanyakazi kutoka Martinique akidhani ameuawa na kifua kikuu. Hadubini ikamwonesha viini vingine. (Naye alikosea: alividhani kuwa protozoa, kumbe ni kuvu.)

Kuvu hawa huishi katika udongo uliochanganyika na kinyesi cha popo au ndege. Si wa Amerika peke yake: mwaka 1960 watafiti waliripoti kuwapata katika mapango ya Amboni, karibu na Tanga. Vumbi likitimuka, mtu huvuta vijimbegu vyake. Mwenye kinga imara aghalabu haumwi. Bali CD4 zikishuka sana, au mtu akitumia dawa za kupunguza kinga baada ya kupandikizwa figo, kuvu husambaa hadi kwenye ini, wengu na uboho. Mgonjwa hamwambukizi anayemuuguza.

Mhudumu aangalie ini na wengu vilivyovimba, vidonda vya kinywani, vipele vya ngozi, na upungufu wa chembe zote za damu. Kipimo chepesi ni cha mkojo, kinachotafuta antijeni ya kuvu. Kisipopatikana, sampuli ya uboho au ya ngozi hutazamwa kwa hadubini. Mgonjwa naye ataje kama aliingia pangoni au alisafisha banda la kuku. Mara nyingi haulizwi.

Aliyezidiwa huanza na amfoterisini B kwa mshipa, kisha itrakonazoli kwa vidonge, kwa kawaida mwaka mzima. Magonjwa haya mawili yaweza kumpata mtu mmoja, na hapo pana mtego: rifampisini hulifanya ini liivunje itrakonazoli upesi, hata isitoshe mwilini. Mgonjwa asiache dawa yoyote kwa hiari yake. Daktari ndiye apange upya mchanganyiko huo.