Ruzuku ya Mbolea: Fedha Isiyopita Mkononi mwa Mkulima

Kila msimu wa kilimo unapokaribia, ofisi za vijiji hupokea swali lile lile: fedha za ruzuku zitagawiwa lini? Swali hilo lina msingi, kwa kuwa Serikali hutenga mabilioni ya shilingi kwa ajili hiyo. Hata hivyo, siku ya kugawa fedha haipo. Ruzuku ya mbolea imo ndani ya bei ya mfuko, na ufunguo wake ni namba ya usajili ya mkulima.

Mpango huu ulizinduliwa jijini Mbeya tarehe 8 Agosti 2022, katika kilele cha Nane Nane, wakati bei ya mbolea ilipokuwa imepanda duniani kote. Mfuko wa DAP wa kilo 50, uliokuwa umevuka shilingi 120,000, ulipangwa kuuzwa kwa shilingi 70,000. Tofauti hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa zaidi ya shilingi 50,000 kwa kila mfuko, hulipwa na Serikali kwa msambazaji baada ya mauzo kuthibitishwa katika mfumo unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania.

Utaratibu huu ni tofauti na ule wa vocha ulioanza msimu wa 2008/09. Vocha ilikuwa karatasi, na katika maeneo mbalimbali yalisikika malalamiko ya wakulima waliotia saini bila kupokea pembejeo. Leo kinachothibitisha mauzo ni namba ya mkulima. Karatasi imeondoka, lakini hatari haikuondoka nayo. Imehamia kwenye namba.

Mgawo wa kila mkulima hutokana na ekari na mazao aliyoandikisha. Chukua mfano wa kaya inayolima ekari tatu za mahindi. Ikiwa kila ekari inahitaji mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, kaya hiyo inahitaji mifuko sita. Akimwazima jirani namba yake, naye jirani akachukua mifuko miwili, mfumo huhesabu kwamba mkulima mwenyewe ndiye aliyeichukua. Wakati wa kukuzia ukifika, atalazimika kununua mifuko hiyo kwa bei kamili au kuacha ekari mbili bila mbolea. Hasara hiyo huonekana ghalani wakati wa mavuno.

Taarifa zisizohuishwa nazo huleta hasara. Aliyeongeza shamba lakini akabaki na ekari za zamani kwenye daftari atapata mgawo pungufu. Aliyebadilisha namba ya simu huenda asipokee ujumbe wa mfumo. Mjane ambaye shamba bado limeandikishwa kwa jina la marehemu mumewe anapaswa kulishughulikia jambo hilo mapema, kabla ya mvua kuanza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuandikishwa na kuhuisha taarifa hufanyika katika ofisi ya kijiji, kwa Mtendaji wa Kijiji akishirikiana na Afisa Ugani. Mkulima afike akiwa na kitambulisho, simu anayoitumia na idadi halisi ya ekari. Anapofika kwa wakala, akague bei iliyobandikwa, adai stakabadhi, na asiondoke kabla ya kuhakikisha kwamba mifuko iliyoingizwa kwenye mfumo ni ile ile anayoibeba.