Fahamu: Kwa Nini Vyuo Vikuu Huainisha Data kwa Unyeti
Chuo kikuu huhifadhi taarifa zisizolingana kwa uzito: ratiba ya mihadhara, ambayo kila mtu anastahili kuiona, na jalada la mwanafunzi aliyetibiwa katika zahanati ya chuo, ambalo siri yake ikishavuja hairudi. Kuainisha data, yaani kuipa kila taarifa daraja kulingana na madhara yatakayotokea ikifichuka, huwezesha ulinzi mkali kuelekezwa panapostahili. Chuo Kikuu cha California hutumia madaraja manne, kuanzia P1, ambalo ni la taarifa za umma, hadi P4.

Hata hivyo, daraja pekee halitoshi. Mwishoni mwa mwaka 2018 wadukuzi walipenya katika mifumo ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia yenye kumbukumbu za wafanyakazi, fedha na wanafunzi, na ndani yake mlikuwamo taarifa za miaka 19 nyuma, zikiwamo namba za kodi na za akaunti za benki. Kwa hiyo kila daraja linapaswa kuambatana na muda wa kufuta, jambo linalopuuzwa mno ilhali data iliyofutwa ipasavyo haiibiki.

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya, kabila na alama za kibayometriki kuwa nyeti, hivyo chuo hakina hiari ya kuziweka daraja la chini. Vilevile, lahajedwali linalounganisha majina, matokeo na namba za simu hustahili daraja la juu kuliko safu yake yoyote ikiwa peke yake.