Je, Wajua? Kutu Inayoulinda Mtutu

Gobore jipya linalotoka Gardone Val Trompia, mji wa mafundi bunduki kaskazini mwa Italia, hung'aa kama sufuria ya dukani. Umbo ni la bunduki ya gumegume ya Pennsylvania ya karne ya 18, ila mtutu una weusi wa kiwandani na kitako kimefunikwa vanishi nene. Ndiyo maana wapenzi wa bunduki hizi Marekani huivua rangi ile kwa siki, kisha huutia mtutu kutu kwa makusudi.

Kutu inasingiziwa mengi. Ile inayotoboa mabati ya paa ni kutu iliyoachwa ijiendee. Huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huvimba, hubanduka magamba, na unyevu ukapenya tena chini yake. Fundi huukatiza mwendo huo. Huuosha mtutu usibaki na mafuta hata ya kidole, huziba mdomo na tundu la moto, yaani lile linalopitisha moto hadi kwenye baruti, hupitisha kitambaa chenye asidi hafifu mara moja tu pasipo kurudia, kisha huulaza sandukuni pamoja na bakuli la maji ya moto. Baada ya saa kadhaa mtutu umeota manyoya mekundu. Huyasugua kwa kitambaa kigumu: ya kutoka yatoke, yaliyoshika yabaki. Halafu anaanza upya, mara sita, nane, hata kumi, mpaka chuma kiwe na rangi ya ganda la ukwaju. Mwisho huizima asidi kwa maji ya magadi na kupaka mafuta, nayo kutu ile iliyoshikamana huyanywa na kuyatunza. Hapo ndipo ulinzi ulipo.

Mtutu huohuo ukichemshwa kwenye maji safi baada ya kila duru, kutu nyekundu hugeuka nyeusi tii! Ni chuma na oksijeni vilevile, ila kwa uwiano mwingine.

Siwaungi mkono wanaokipiga kitako kwa minyororo wakidhani wanakizeesha. Uzee una mahali pake. Huanzia kando ya tundu la moto, ambako masizi ya baruti hunyonya unyevu na kukila chuma. Hufifisha rangi pale katikati, mkono unapoibeba bunduki. Na alama ya PN, inayogongwa Italia kuonyesha kwamba mtutu umejaribiwa kwa baruti nyeusi, isiguswe. Anayeifuta anamfungulia tapeli mlango wa kuuza kipya kwa bei ya cha kale.

Kwetu Afrika Mashariki kosa ni la upande wa pili, nalo linaniuma zaidi. Magobore ya mababu, ya aina iliyobebwa hata katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, husuguliwa kwa msasa ili yang'ae mbele ya wageni. Taji na neno TOWER, chapa za bunduki za jeshi la Uingereza, huondoka na vumbi, na hakuna fundi wa kuzirudisha. Kutu inayobanduka itolewe taratibu kwa mafuta na kitambaa; ya kahawia iliyoshika iachwe hapo ilipo.

Magobore yaliyozeeshwa hutumika kwenye filamu, maigizo ya vita vya kale, mashindano ya shabaha, makumbusho yanayoruhusu watoto kushika, na uwindaji: Pennsylvania ina msimu wa kulungu kwa gumegume pekee.