Kilo zenye kupotea mu ordinatere

Zamani kilo za mchimbaji zilipotea kwenye balansi. Siku hizi zinapotea pia mu ordinatere. Sisi wa sendika hapa Pepa tuliona liste moja ya malipo: mtu alileta kasiterite mara tatu, kilo 9, kilo 12 na nusu, kilo 7. Jumla iliyolipwa: 16. Karani akasema mashine haikosee.

Na kweli, mashine haikukosea. Kwake kila kitu kiko na aina yake: namba ni namba, maandishi ni maandishi. Karani aliandika "12,5 kg" mu kisanduku cha Excel, na zile herufi mbili za mwisho zikafanya yote kuwa maandishi. Fonksio ya kujumlisha ikikuta maandishi mu safu, inayaruka kimya, bila onyo.

Vijana wetu wanaojifunza Python wako na dawa: kuandika fonksio yenye kuuliza kwanza, umeniletea nini? Kama ni namba, inaipokea vile iko. Kama ni maandishi, inatoa "kg", inageuza koma kuwa nukta (Python haijui koma yetu ya Kifaransa), kisha inayafanya namba. Kama kisanduku kiko wazi, ama karani ameandika "bado", inasimama na kuonyesha ni mstari gani. Hapo ndipo tunakaza: isiweke sifuri. Sifuri nayo ni namba, ni kusema mtu hakuleta kitu.

Koma yenyewe iko na mtego. Kwa Waingereza 1,250 ni elfu moja mia mbili na hamsini. Kwetu ni kilo moja na robo. Fonksio haiwezi kukisia, lazima iambiwe liste inatoka wapi. Namba ya etiketi ya mfuko, ile ibaki maandishi: 00417 ikigeuzwa namba inakuwa 417, na mfuko hauonekane tena mu kitabu.

Hata wakubwa waliumia. Tarehe 4/6/1996 roketi Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, Guyane. Programu yake ikajaribu kuingiza namba kubwa mu aina ndogo isiyopita 32 767. Dakika moja haikutimia, roketi ikalipuka. Mwezi wa 7 tume ya uchunguzi ilikuwa imekwisha kutoa ripoti. Kwa kilo 12 na nusu za mchimbaji hakuna tume. Ndiyo maana tunaomba kila depo iache delege wa wachimbaji aone fichie yenyewe mbele ya malipo, si karatasi iliyochapwa tu.