Tunanunua wapi uzi, rangi na jiwe la kijani? Tumezunguka Lubumbashi

Vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja: tununue wapi vifaa vya kazi ya mikono bila faida yote kubaki kwa muuzaji? Basi juma hili tulifunga vikwembe vyetu vizuri tukazunguka mji, toka katikati hadi komine ya Kamalondo na ya Kenya. Maduka makubwa ya vioo tuliyapita. Tulitafuta yale madogo, ya mama na binti yake, na meza za chini ya mwavuli zenye sanduku la vifungo na sindano.

Mwenye kwenda mara ya kwanza ajue kwamba hatakuta duka moja lenye vyote. Uzi uko kwa wauza vitambaa. Rangi iko kwa wauza misumari na saruji. Vipande vya kitenge viko chini ya meza za washonaji, ndani ya gunia, na mara nyingi unapewa kwa bei ndogo sana ukimsalimia fundi kwa heshima na kumwambia unashona nini. Mfuko wa kubebea mtoto au kifuniko cha mto hakihitaji pagne nzima.

Kwenye uzi tulikaa muda mrefu, kwa sababu huko ndiko pesa za vikundi vingi zinakopotelea. Mama mmoja wa kikundi chetu alifuma kitambaa cha meza, cheupe na maua mekundu, kwa ajili ya harusi. Muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba rangi haitoki. Siku ya kukifua, wekundu ulitapakaa kote, mwenye harusi akakikataa, na kazi ya majuma matatu ikabaki nyumbani. Kwa hiyo nunueni kwanza kidonge kimoja tu. Kata kipande, kiloweshe, kikamue ndani ya kitambaa cheupe. Kikiacha alama, rudisha macho yako kwenye duka jingine. Tena, angalia karatasi inayozunguka kidonge: kuna namba ya kundi la rangi. Vidonge viwili vya bluu vyenye namba tofauti vilichovywa siku tofauti, na ukifuma sweta utaona mstari katikati ya mgongo wa mtoto.

Uzi mwingi unaoitwa sufu sokoni ni wa plastiki. Si vibaya, unafulika upesi na haupungui, lakini bei yake isiwe ya sufu. Choma ncha kidogo mbali na watoto: ikiyeyuka na kuwa shanga ngumu, ni plastiki, ikinuka kama nywele zilizoungua na majivu yakasagika, ni sufu, ikinuka kama karatasi, ni pamba. Kwa kofia ya mtoto mchanga anayelala karibu na mbabula, sisi tunachagua pamba.

Rangi nayo ina historia yake hapa kwetu. Tangu mwaka 1946 katika karakana ya Hangar vijana kama Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga walichora, na Bela Sara alipaka kwa vidole vyake bila burashi. Baadaye Tshibumba Kanda-Matulu, mnamo 1973 na 1974, alichora historia ya nchi yetu katika picha zaidi ya 100, na kitambaa chake kilikuwa cha magunia ya unga. Tunasema haya kwa wamama wanaotuambia hawawezi kuanza kwa kukosa turubai ya kutoka Ulaya. Siku hizi magunia mengi ni ya plastiki, lakini amerikani ipo kwa mita. Ifue itoke wanga, ipige pasi, itandaze juu ya mabaki ya mbao kutoka kwa seremala, kisha ipake rangi nyeupe ya maji ya ukutani. Ikikauka, anza.

Wauza rangi wadogo wanakupimia kiasi unachotaka, hata ndani ya chupa ya soda. Hilo linasaidia mfuko, ila chupa hiyo ikifika nyumbani ifungwe kwa kitambaa chekundu na iwekwe juu. Mtoto haulizi, anakunywa tu.

Kwa mafundi wa shaba hatukukaa sana. Kazi yenyewe ni ya nyundo na moto, na bati la shaba ni ghali. Malakite ndiyo iliyotushika. Vikundi vya shanga vinaweza kununua mawe yaliyokwisha kukatwa na kutobolewa, na tunashauri mfanye hivyo. Jiwe hilo zuri lina shaba ndani yake, na vumbi lake si la kuvuta puani. Anayelikata mwenyewe alikate kwa maji, afunike pua, na isiwe jikoni wala mahali watoto wanapolala.

Sasa bei. Bidhaa nyingi hupita Kasumbalesa, nyingine zimetoka mbali hadi bandari ya Dar es Salaam, na kila mkono unaongeza kitu. Mama anayenunua peke yake ndiye analipa mikono yote. Tuseme kidonge ni franka 3.000 na pakiti ya vidonge 10 ni 25.000. Wamama watano wakinunua viwili viwili kila mmoja kivyake, wote pamoja wametoa 30.000 na nauli tano. Wakituma mmoja, wanabaki na 5.000 na nauli nne. Sisi tumetumia mpango wa likelemba: zamu hii pesa zinanunua uzi, zamu ijayo vitambaa, na daftari linaandikwa mbele ya wote.

Muuzaji mdogo pia anafurahi. Mmoja wa Kenya alituambia angependa kujua mapema kikundi kinataka rangi gani, kwa sababu yeye naye anakopa ili kujaza meza, na rangi isiyonunuliwa inamkalia mwaka mzima.

Kwa hiyo tunaandaa ununuzi wa pamoja wa uzi wa pamba. Kila kikundi kilete orodha ya rangi na idadi ya vidonge kwa mwandishi wa chama kabla ya mkutano wa juma lijalo, pamoja na nusu ya pesa. Wamama wawili watatumwa, na karatasi za madukani zitasomwa mkutanoni.