Riwaya ya Tschick na Wema wa Watu wa Njiani

Riwaya ya safari ya barabarani ni masimulizi ambayo wahusika wake huondoka nyumbani kwa gari, na kila wanapopita hupata jambo jipya la kujifunza kuhusu nafsi zao. Mfano bora wa aina hiyo katika fasihi ya vijana ni Tschick, iliyoandikwa na Mjerumani Wolfgang Herrndorf na kutolewa mwaka 2010, miaka mitatu kabla ya kifo chake.

Wahusika wakuu ni wavulana wawili wa Berlin wenye umri wa miaka 14: Maik, mtoto wa tajiri aliyeachwa peke yake wakati wa likizo, na Tschick, mhamiaji kutoka Urusi. Wanaondoka kwa Lada ya wizi, bila leseni wala ramani, wakielekea Wallachia, eneo la Romania ambalo jina lake, katika mazungumzo ya Wajerumani, humaanisha pia mahali pa mbali pasipojulikana. Tschick hubandika utepe mweusi juu ya mdomo ili aonekane mtu mzima mwenye masharubu, na katika shamba la ngano wanajaribu kuandika majina yao kwa magurudumu, lakini wanapotea wakiwa bado kwenye herufi ya kwanza.

Msomaji anayetafuta uhalisia, yaani kisa kufanana na maisha ya kila siku, atauliza watoto hao wanawezaje kuendesha gari siku kadhaa bila kukamatwa. Swali hilo ni la haki, ila jambo lisilosadikika zaidi ndilo kiini cha kitabu: Maik amelelewa akiambiwa na wazazi, walimu na televisheni kwamba binadamu ni wabaya, ilhali karibu kila anayekutana naye njiani ni mwema. Msafiri ni maskini ajapokuwa sultani, na kijana huyu, ambaye kwao kuna bwawa la kuogelea, anakaribishwa chakula na mama asiyemjua, mezani pamoja na watoto wake.

Herrndorf hahalalishi wizi, kwa kuwa safari inaishia katika ajali na mahakamani, na Wallachia haifikiwi. Hata hivyo, baba wa Maik anapomshinikiza mwanawe amtupie Tschick lawama zote, Maik anakataa na kumweleza hakimu ukweli, jambo ambalo mvulana aliyeondoka Berlin asingelithubutu.