Kazi ya kwanza: usione haya kuuliza

Kila mwaka vijana wengi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanamaliza masomo makubwa. Siku ya diploma wanamwagiwa pudre nyeupe kichwani, mama wanaimba, kuku anachinjwa. Kisha inakuja miaka ya kutembea na dosye mkononi. Na siku moja simu inalia: kesho asubuhi ufike kazini.

Mimi nami nilipita njia hiyo, mwaka 2009. Nataka kuwaelezea haya tatu zilizotaka kuniharibia kazi yangu ya kwanza, kwani naona vijana wetu wa leo wako nazo vilevile.

Haya ya kwanza: kuuliza namna ya kazi

Nilisoma elektromekanika. Nilijua kupiga hesabu za mota kwenye ubao, lakini kule shuleni hatukuwa na mota hata moja yenye kuzunguka. Juma la pili kazini, shefu akanituma kuangalia mkanda unaobeba mawe kuyapeleka kwenye mashine ya kusaga. Mkanda ulikuwa umesimama. Nikainama, nikataka kuingiza mkono chini yake. Mara mzee mmoja, fundi ambaye hakupita shule ya msingi, akanikamata kwa salopeti na kunivuta nyuma.

"Weye mwana! Kadena yako iko wapi?"

"Kadena gani, papa?"

"Mashine hailale, imesimama tu!"

Akanifundisha palepale. Mbele ya kugusa mashine, sharti umeme ukatwe. Kila mtu anafunga kufuli lake mwenyewe pale umeme unapokatiwa, na ufunguo unakaa katika mfuko wake, si kwa shefu wala kwa rafiki. Watu 5 wakiingia kazini, makufuli ni 5. Kisha mnajaribu kuwasha, kuona kama kweli haiwaki. Ndipo mkono unaingia.

Kama ningeuliza asubuhi ile, angenieleza kwa dakika 5. Sikuuliza, kwa sababu watu walikuwa wakiniita "enjenyere", nami niliogopa wataniona mjinga. Mzee akamaliza hivi: "Kuuliza haina haya, mwana. Kurudia ku nyumba na mukono moja, ile njo haya."

Jioni ile nikanunua kaye ndogo. Kila siku niliandika mambo nisiyoelewa, na asubuhi nikamwuliza yeye.

Haya ya pili: kuuliza karatasi

Kampuni iliyonikamata ilikuwa ya sutretansi. Nilitumika miezi 3 bila kuona kontra. Kila mara waliniambia: juma lijalo. Nami nilinyamaza, nikiogopa wataniambia: kamata vitu vyako, wako wengi wanangoja inje.

Vijana, sheria ya kazi ya tarehe 16/10/2002 inasema wazi. Kontra inapaswa kuandikwa. Na kama haikuandikwa, inahesabiwa kuwa ni kontra isiyo na mwisho, mpaka mwenye kampuni aonyeshe kinyume. Wakati wa kujaribiwa nao sharti uandikwe, na hauwezi kupita mwezi 1 kwa mtumishi asiye na ufundi, wala miezi 6 kwa wengine. Kontra yenye mwisho haiwezi kupita miaka 2.

Nilipouliza, mkubwa wa watumishi alinuna. Karatasi ilikuja, lakini iliandikwa mwaka mzima wa kujaribiwa. Nikarudi kwake kwa upole, na ile sheria mkononi. Wakaandika tena: miezi 6. Sisemi ni jambo jepesi. Nililala vibaya usiku ule. Lakini soma mbele ya kutia sahihi, omba kopi yako, na kila karatasi ya mshahara uiweke nyumbani pahali pakavu.

Haya ya tatu: kusema ukweli nyumbani

Baba yangu alitumika Gécamines. Wakati wake kampuni ilimpa mtumishi nyumba, posho ya unga, hospitali, na shule ya watoto. Mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10.000 walitoka kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari, naye alikuwa mmoja wao. Basi nilipopata kazi, jamaa yote ilifikiri posho imerudi. Lakini kontra yangu haikuwa na nyumba wala unga ndani yake.

Mwezi wa kwanza niliona haya kusema mshahara wangu. Nikakopa feza, nikagawa kwa wajomba, mama wadogo na majirani. Mwezi wa tatu deni lilikuwa kubwa kuliko mshahara, na nilianza kukwepa njia ya kwetu.

Mwishoni niliweka karatasi ya mshahara juu ya meza, mbele ya baba na mama. Baba alivaa miwani, akasoma kila mstari, polepole. "Kumbe njo hii tu?" Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa nini ulituficha? Shiye tulikuwa tunakukulia vyako." Siku ya pili yeye mwenyewe aliita wajomba na kuwaeleza. Tukapatana: masomo ya mdogo wangu wa kike na mfuko mmoja wa unga kila mwezi. Inayobaki ilikuwa ya transpoti, ya kulipa deni, na ya likelemba. Deni lilikwisha baada ya mwaka mmoja.

Wazazi, mtoto akirudi na mshahara wa kwanza, msianze na kuuliza ameleta ngapi. Mwulizeni kwanza: kazi inaendaje, kontra umeiona, nani anakufundisha? Na weye kijana unayeanza kesho, diploma imekufikisha mlangoni. Ukiingia ndani, tafuta mzee mmoja mwenye kujua kazi, umsalimu vizuri, na umwulize. Na usisahau kufuli lako.